Dresa wa Mstari wa Mbele

Jambo la kwanza analofundishwa tabibu wa vitani ni kutokwenda. Mwenzake kaanguka hatua ishirini mbele, anamwita kwa jina, risasi zinapita juu ya majani, na mafunzo yanamwambia alale palepale. Apaze sauti amuulize majeruhi kama anaweza kujiburuta hadi penye kinga, kama mkono mmoja bado unafanya kazi, kama anaweza kujikaza mwenyewe mkanda wa kuzuia damu. Na kama tabibu ana bunduki, aitumie kwanza. Mikataba ya Geneva inamruhusu kubeba silaha ndogo ya kujilinda yeye na majeruhi wake. Akikurupuka akapigwa, majeruhi wamekuwa wawili na wa kuwafunga hayupo.

Amri hiyo hunijia kila ninapomsikia mtu akiusifu ushujaa wa watu hawa kwa lugha ya filamu. Kwenye filamu tabibu hukimbia. Katika kazi yenyewe kukimbia ni kipande kidogo, na mara nyingi ndicho kipande kinachoharibu. Kinachobaki ni ufundi wa mikono: wapi pa kubana, kwa nguvu kiasi gani, kwa muda gani, nani atangulie na nani angoje. Ufundi huo una utaratibu wake, una makosa yake yanayojulikana, una vifaa vyake vizuri na vibovu, na anayeujua humtambua mwenzake kwa namna anavyofungua pakiti ya bandeji.

Tarehe 14 Novemba 2018, karibu na Kididiwe, eneo la Beni mashariki mwa Kongo, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kujibu mashambulizi, kile kilichoundwa na Tanzania, Malawi na Afrika Kusini, kilikuwa katika operesheni dhidi ya waasi wa ADF. Koplo mmoja wa Kitanzania akajeruhiwa vibaya, akashindwa kusogea, naye yuko wazi mbele ya adui. Askari wa Malawi, Private Chancy Chitete, alimburuta peke yake hadi mahali palipokuwa na nafuu kidogo, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Akiwa katika kazi hiyo alipigwa risasi, na ikamuua. Mtanzania akapona. Mwaka 2019 Chitete alitunukiwa medali ya Umoja wa Mataifa yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, yule ofisa wa Senegal aliyeokoa mamia ya watu Rwanda mwaka 1994 kabla naye hajauawa.

Habari nyingi zilisisitiza kule kuburuta. Ni kweli kunastahili, lakini mimi kinachonishika ni kilichofuata. Kumburuta mtu kunataka nguvu na sekunde chache za wazimu. Kuacha kuangalia risasi zinakotoka, ukainama, ukaweka macho yako yote kwenye jeraha la mtu wa nchi nyingine, hapo wazimu hausaidii kitu. Hapo mikono inatakiwa ikumbuke ilichofundishwa darasani, tena kwa mpangilio. Tena mwezi huo Beni ilikuwa katikati ya mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Kugusa damu ya mtu kulikuwa na uzito mwingine kabisa pale.

Na Chitete hakuwa daktari. Alikuwa askari wa kawaida aliyefundishwa mambo machache akayashika.

Hapa Dar es Salaam, ukiuliza watu wa fani hii wanapatikana wapi, utaelekezwa Lugalo. Hospitali Kuu ya Jeshi iko Kinondoni, kando ya barabara ya Bagamoyo ukishapita Mwenge. Kambi yenyewe iliitwa Colito hadi baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, ndipo ikapewa jina la mahali kule Iringa ambapo wapiganaji wa Mkwawa waliupiga msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Raia tunatibiwa pale pia. Asubuhi kwenye foleni utakuta mama mjamzito wa Kawe, mzee wa Tegeta mwenye presha, na kijana aliyenyoa upara anayekaa wima hata kwenye benchi la kungojea dawa. Lakini mtu aliyenionyesha kazi hii kwa karibu anaishi upande wa pili wa jiji, Temeke, kwenye mitaa ya Mbagala, ambako kila baada ya nyumba mbili kuna genge la nyanya na kila kona kuna kijiwe cha bodaboda.

Majirani humwita Afande Dokta, ingawa hajawahi kuwa daktari. Alikuwa dresa, mfunga majeraha wa jeshi. Alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana, akarudi, akaendelea na jeshi mpaka kustaafu, na sasa amevuka miaka sabini, anatembea na fimbo ambayo haielekei kumsaidia sana. Jumapili, wateja wa bodaboda wanapopungua, huwakusanya vijana wa kijiweni chini ya mwembe wake na kuwafundisha kuzuia damu. Hakuna aliyemtuma. Anasema alichoka kuona watu wanakufa barabara ya Kilwa huku umati umesimama na simu mkononi.

Kifaa chake kikuu cha kufundishia ni kipande cha godoro. Amekikata ukubwa wa paja la mtu, akakichana tundu refu la kuingia vidole viwili, na kwa chini akapitisha mpira wa dripu unaotoka kwenye chupa iliyoning'inizwa tawini. Ndani ya chupa mna juisi ya rozela. Ukifungua kibano cha dripu, godoro linavuja wekundu kutoka kwenye tundu lile, na vijana wanaocheka wote wananyamaza kidogo. (Watoto wa pale huzunguka wakisubiri somo liishe ili wamalizie juisi iliyobaki. Mzee anajua, ndiyo maana chupa huwa ndefu kuliko inavyohitajika.)

Niliwatazama wakijaribu. Kijana wa kwanza alichukua kitambaa cha gozi akakirundika juu ya tundu na kukandamiza kwa viganja vyote viwili. Rozela ikapita chini ya kitambaa kana kwamba hakuna kitu.

“Umefunika,” mzee akamwambia. “Nani alikwambia ufunike? Hii si sufuria.”

Akapiga goti, kwa shida kidogo, akaonyesha. Kwanza kidole kimoja kinaingia kwenye tundu kutafuta kule damu inakotokea. Kwenye paja la mtu utausikia mshipa unakudundia kidoleni. Kidole hakitoki tena. Mkono wa pili unaanza kulisha gozi ndani, inchi kwa inchi, kila kidole kikisukuma kwenda chini kinabadilishana na kingine ili mgandamizo usikatike hata nukta moja. Gozi linashuka mpaka kwenye mfupa, linajaa, linagoma kuingia. Ndipo viganja viwili vinapokaa juu, viwiko vinanyooshwa, na uzito wa mwili wote unashuka kupitia mabega. Baada ya hapo unakaa. Dakika tatu za saa kwa uchache, wala si za kubahatisha.

Kazi ngumu iko kwenye hizo dakika tatu. Vijana wote, bila kubaki mmoja, walichungulia. Sekunde thelathini tu mtu anainua kiganja aone kama imesimama, na hapohapo, angekuwa mtu wa kweli, lile donge la damu lililoanza kuganda lingeng'oka; kwenye godoro rozela inarudi.

“Umeshamuua,” mzee husema, bila kupandisha sauti. “Anza tena.”

Nilimwambia, “Mzee, lakini utajuaje kama imefanya kazi bila kuangalia?”

“Mwanangu, hutajua. Ndiyo kazi yenyewe. Unakaa hujui, na pembeni kuna mwingine anakuita, na wewe humwendei.”

Nimelirudia hilo jibu kichwani mara nyingi. Tumezoea kuupima ujasiri kwa kitu mtu anachokifanya, na huyu mzee anaupima kwa dakika tatu za kutoinua kiganja.

Ukitaka kujua kwa nini damu imepewa nafasi ya kwanza mbele ya kila kitu, kuna utafiti wa madaktari wa jeshi la Marekani uliochapishwa mwaka 2012. Walipitia vifo vya askari wao Iraq na Afghanistan kuanzia 2001 hadi 2011. Walio wengi walikufa kabla ya kufika hospitali. Kati ya hao, karibu robo walikuwa na majeraha ambayo pengine yangeweza kuponyeka, na katika robo hiyo, watu tisa kati ya kumi waliuawa na kuvuja damu. Baadhi yao hawakukosa dawa ya ajabu wala mashine. Walikosa mtu wa kuziba tundu mapema.

Utafiti wa aina hiyo ndio uliorudisha heshima ya turniketi, ule mkanda unaokazwa kwa kijiti upande wa juu wa jeraha la mkono au mguu. Hapa mzee na vitabu vipya hawapatani sana. Enzi zake walifundishwa kwamba mkanda ni hatua ya mwisho kabisa, kwa sababu mguu ulionyimwa damu hufa na hukatwa. Leo mafunzo yanasema kinyume: damu inaruka kutoka mguuni na risasi bado zinalia, mkanda kwanza, juu, kaza mpaka damu isimame, mengine baadaye. Ilipoonekana kwamba mguu huvumilia saa mbili hivi bila madhara makubwa, hofu ya zamani ikapungua. Mzee anakubali kwa kichwa ila anaongeza masharti yake: mkanda uwe mpana kama vidole viwili au zaidi, maana kamba ya kiatu hukata nyama na haizuii mshipa, usikazwe kwenye kiungo cha goti wala cha kiwiko, na saa iandikwe. Yeye huiandika kwenye paji la uso wa majeruhi kwa kalamu ya wino. Kijana mmoja aliuliza kwa nini isiandikwe kwenye karatasi. Mzee akamuuliza karatasi hiyo ataishikilia nani.

Kuna jambo jingine ambalo lilinichukua muda kulielewa. Wakati wote anapofanya kazi, mzee anaongea na godoro. Analiuliza jina, analiuliza linatoka mtaa gani, halafu swali lake analolipenda: Simba au Yanga? Nilidhani ni mzaha wa kuwachangamsha vijana. Kumbe ni kipimo. Mtu anayepoteza damu, ubongo wake huanza kukosa hewa kabla hajazimia. Anayejibu “Yanga” kwa hasira bado yuko nawe, anayefikiri sana anakwenda, na aliyekuwa mshabiki dakika tano zilizopita na sasa anasema hajui, huyo mwangalie upya mara moja. Vidole viwili kwenye mkono wake, chini ya kidole gumba, vinajibu swali lililobaki: kama mapigo hayasikiki pale, damu iliyobaki ni kidogo. Kitabu cha tiba ya vitani kinatumia hivyohivyo viwili, akili na mapigo ya mkono, pale ambapo hakuna mashine ya kupima presha. Swali la Simba na Yanga ni la mzee mwenyewe.

Halafu anamfunika. Hili liliwashangaza vijana wote, maana Dar es Salaam mtu akiumia umati humvua shati, humpepea na kummwagia maji. Majeruhi aliyepoteza damu hupoa hata kwenye jua la saa nane, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Blanketi, koti, kitenge, chochote kikavu, kiende chini yake kwanza na juu baadaye. Anayemmwagia maji anamsaidia kuvuja.

Mbagala, kwa bahati mbaya, ina sababu yake ya kuyajua haya. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi pale Kizuiani lililipuka, na kwa saa kadhaa mabomu yalirukia kwenye makazi ya watu. Zaidi ya watu 20 walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba nyingi zikabomoka, na Hospitali ya Temeke ikajaa majeruhi ambao hospitali ya wilaya haikutarajia kuwaona: watu wenye vipande vya chuma mwilini. Chini ya miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto, na huko pia waliokufa walizidi 20. Kwa hiyo mama ntilie wa Mbagala ameona jeraha la bomu bila kuondoka mtaani kwake, wakati askari wengi wanastaafu bila kuliona.

Mzee alikuwa nyumbani siku ile ya Aprili. Haisimulii kishujaa. Anachokumbuka ni kwamba hakuwa na gozi hata moja na kwamba alianza kwa kuwapita watu waliokuwa wanapiga kelele. Ndivyo alivyofundishwa: anayelia ana pumzi na ana presha ya kutosha kulia, aliyenyamaza ndiye wa kutazamwa kwanza. Kuwapita majirani zako wanaokuita kwa jina lako, ukaenda kuinama kwa mgeni aliyenyamaza kando ya ukuta, ni jambo ambalo mtaani halisahauliki haraka. Kuna mtu, anasema, alimnunia miaka.

Utaratibu huu wa kuwapanga majeruhi kwa hali zao, bila kujali cheo wala upande, hutajwa sana pamoja na jina la Dominique Jean Larrey, daktari wa upasuaji wa jeshi la Napoleon, aliyesisitiza kwamba aliyeumia vibaya zaidi atangulie hata kama aliye nyuma yake ni ofisa. Nadhani watu wengi hawajapata kufikiria jinsi wazo hilo lilivyo la ajabu ndani ya jeshi, mahali ambapo kila kitu kingine, kuanzia chakula hadi kiti, huenda kwa cheo.

Na gozi lilipokosekana siku ile ya mabomu, zilichanwa kanga. Hapo mzee anafurahi kidogo kueleza, kwa sababu kanga ni bandeji nzuri kuliko inavyodhaniwa: pamba nyepesi, inakunjika, inanyonya, na ikikunjwa pembe kwa pembe inatoa kile kitambaa cha pembetatu ambacho Mjerumani Friedrich von Esmarch alikieneza katika majeshi ya Ulaya karne ya 19. Esmarch alichapisha juu ya vitambaa vyake picha za kuonyesha namna ya kuvifunga, ili askari asiyejua asome kwenye kitambaa chenyewe. Kanga zetu zina jina tu. Mzee anasema siku ile alimfunga kijana mmoja mkono kwa kanga iliyoandikwa maneno ya kumsuta jirani, na kijana akapelekwa Temeke hivyohivyo.

Vita vya Kagera havizungumzii sana, na sikumlazimisha. Anajua ninachojua mimi kwa vitabu: kwamba jeshi la Amin liliingia mwisho wa Oktoba 1978, kwamba wetu walivuka Mutukula wakaenda Masaka, Lukaya na hatimaye Kampala tarehe 11 Aprili 1979, sehemu kubwa kwa miguu. Ni zaidi ya kilomita 200 kutoka mpakani. Lukaya, Machi 10 na 11, walipigania barabara inayokatiza kwenye bwawa la mafunjo, na mtu akiumia mahali kama hapo hakuna pa kumlaza pakavu. Alichonisimulia ni mfuko wake tu. Aliupanga kwa namna ambayo angeweza kuutumia gizani bila tochi, kwa sababu tochi usiku ni shabaha: dresingi kubwa mfuko wa kushoto, ndogo kulia, mkasi umefungwa kwa kamba, mofini sehemu ambayo hakuna mwingine anayeijua. Kila jioni alitoa kila kitu na kukirudisha huku amefumba macho. Na hakutumia dresingi zake mwenyewe mpaka zile za majeruhi ziishe. Kila askari ana ya kwake mfukoni. Hiyo ndiyo inayomfunga yeye. Dresa anayefungua mfuko wake kwa mtu wa kwanza hatakuwa na kitu kwa wa tano.

Serikali ilitoa hesabu ya wanajeshi wetu 373 waliokufa katika vita vile, na ni 96 tu kati yao walioelezwa kuuawa katika mapigano. Waliobaki walikufa kwa mambo mengine. Nilipomsomea mzee namba hizo hakushangaa. Alisema nusu ya kazi yake ilikuwa maji ya kunywa, vyoo, malaria na magari, na kwamba hakuna mtu anayempigia saluti dresa kwa sababu amewakataza watu wasinywe maji ya mtoni.

Kazi ya kubeba majeruhi anaiheshimu kuliko ya kufunga majeraha. Alinionyesha namna watu wanne wanavyobeba machela: hawaendi kwa hatua moja kama gwaride. Wakienda kwa hatua moja machela hurukaruka na mfupa uliovunjika husaga nyama, kwa hiyo wa mbele na wa nyuma hupishana miguu. Mahali pa tambarare miguu ya majeruhi hutangulia, ili mbebaji wa nyuma amwone usoni. Wakipanda mlima kichwa hutangulia. Kujifunza kutembea vibaya kwa makusudi, baada ya miezi ya kufundishwa kutembea sawasawa, ni jambo ambalo askari hulipata kwa taabu.

Jiji hili linadaiwa na wabebaji kuliko linavyokumbuka. Kariakoo ilipata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wa Vita Kuu ya Kwanza. Walibeba chakula, risasi na majeruhi, na wao wenyewe wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Wanahistoria hukadiria kwamba kwa upande wa Waingereza peke yake ni zaidi ya 90,000. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 inamwonyesha mpiganaji na bunduki yenye singe. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini. Sijui kwa nini hakuna aliyefikiria kuchonga watu wanne na machela. Lingekuwa umbo zuri zaidi, tena gumu zaidi kulichonga.

Siku hizi machela ina injini, pale inapokuwepo. Umoja wa Mataifa umejiwekea kanuni yake kwa walinzi wa amani: ndani ya dakika 10 damu iwe imezuiwa, ndani ya saa 1 majeruhi awe mikononi mwa timu ya tiba ya dharura, ndani ya saa 2 awe kwenye upasuaji. Tanzania inajua gharama ya hizo namba zinapokosekana. Tarehe 7 Desemba 2017 ADF waliishambulia kambi ya wanajeshi wetu Semuliki, Kivu Kaskazini. Taarifa za mwanzo zilitaja waliouawa 14, na waliojeruhiwa walizidi 40. Uchunguzi ulioongozwa na Dmitry Titov ulikuta mapengo ya mafunzo, ukakuta hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwatoa askari wale, na ukataja ukosefu wa vitu vya lazima, usafiri wa anga ukiwemo. Majeruhi baadaye walisafirishwa Goma, Kinshasa na Kampala. Lakini kabla ya helikopta yoyote kuna usiku, na usiku ule wa Semuliki ulikuwa wa mtu na mwenzake wa pembeni, dresingi mfukoni, na chochote alichokumbuka kutoka darasani.

Ndiyo maana siwezi kulicheka godoro la Mbagala. Zile dakika 10 za mwanzo haziko kwa daktari wa upasuaji, awe Lugalo, Muhimbili au Goma. Ziko kwa nani aliye karibu.

Jumapili ya mwisho niliyokwenda, kijana mmoja alileta turniketi aliyoinunua mtandaoni, nyeusi, ina kijiti cha plastiki na klipu, inafanana kabisa na za jeshi. Aliinunua kwa fedha yake na alikuwa na fahari nayo. Mzee aliigeuza, akaivuta utepe, akamwomba kijana mwingine anyooshe mguu. Akaizungusha kijiti mara moja, mara mbili. Kwenye mzunguko wa tatu plastiki ilikatika na kipande kikaruka hadi kwenye mizizi ya mwembe. Vijana wakapiga mluzi. Bandia za aina hiyo zimejaa sokoni dunia nzima, na kwa macho si rahisi kuzitofautisha na za kweli.

“Umelipa shilingi ngapi?” mzee akauliza.

Kijana akataja. Mzee akakaa kimya, nadhani akipiga hesabu ya gozi ngapi zingenunuliwa kwa hizo. Kisha akachana utepe mpana wa kanga kuukuu, akaufunga fundo moja juu ya paja la yule mwenye mguu ulionyooka, akaomba mwiko kutoka jikoni, akauweka juu ya fundo, akafunga la pili, akaanza kuzungusha. Mwenye mguu akaanza kulalamika kwenye mzunguko wa pili.

“Inauma?”

“Inauma, mzee!”

“Basi bado,” akasema, akaongeza nusu mzunguko. Akatafuta mapigo juu ya wayo kwa vidole viwili, akasubiri, akawaita wengine waje mmoja mmoja waweke vidole vyao pale wasikie kwamba hakuna kitu, halafu akamuuliza aliyeleta ile ya dukani ni saa ngapi.

Kijana akatazama simu. “Saa kumi na dakika nane.”

“Andika.”

Hakuna aliyekuwa na kalamu.